Mwaka Tuliokimbia

Sehemu ya saba

Kama wiki iliyopita ulinionea huruma, ngoja kwanza. Leo nitasema jambo ambalo nimeliruka makusudi tangu sehemu ya kwanza, na ukishalisikia utaamua mwenyewe kama huruma yako ilikuwa mahali pake.

Kwa asiyenijua: naitwa Kaswera, mwalimu wa darasa la tatu, nakaa Mapendo hapa Goma. Vita vilipofunga barabara ya Rutshuru, watu waliokimbia walikuja kulala hadi ndani ya madarasa yetu. Shule ikasimama. Shirika moja lenye ofisi Himbi likaniajiri kuandikisha familia zilizopiga vibanda kwenye uwanja wa parokia. Familia mia tatu na kumi na mbili, zote kwa mkono wangu. Kisha nikawapeleka kufungua konti kwenye ushirika wa mikopo, ili msaada wao upitie huko.

Halafu siri za watu wangu zikavuja. Mtu akaanza kuchukua avansi kwa majina yao. Avansi ni mkopo mdogo: unapewa leo, unakatwa siku msaada ukiingia. Wenyewe hawakuomba hata senti.

Na mimi, mbele ya wakubwa wa shirika, nikasimama na kusema kwamba orodha ilikaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja tu, Élisée, karani wetu. Nilisema bila kutetemeka. Élisée akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Jumatano nilikwenda Himbi kurudisha fulana ya shirika. Nikamkuta Élisée getini, katoni mkononi. Ndani kulikuwa na kikombe, kalenda na viatu vyake vya mvua. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

"Madame Kaswera, hapana kunikimbia. Miye sipigake mutu."

"Élisée, nilisema tu ile nilijua."

"Bon. Sasa ujue na ile ingine."

Akaweka katoni chini, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ukurasa mmoja wa orodha yake, iliyopigwa kwa mashine.

"Soma ma colonne. Kwa sauti."

Nikasoma vichwa vya safu. Jina. Jina la baba. Alikotoka. Hesabu ya watoto. Nambari ya konti. Sahihi.

"Soma tena."

"Nimeshasoma, Élisée."

"Mwaka iko wapi?"

Nikapitisha kidole ukurasa mzima. Haukuwepo.

Hapa lazima nieleze, maana bila hili huwezi kuelewa kitu. Fomu za shirika ziliuliza tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto. Nani anaijua? Kina mama wa Rutshuru na Masisi walikuwa wananitazama tu. Huku kwetu umri wa mtoto tunauhesabu kwa mikimbio. Huyu nilikimbia naye akiwa tumboni. Huyu ile vita ya 2012 ilimkuta anatambaa. Yule alishajua kubeba jerikeni ya maji. Basi mimi, kwa ujanja wangu wa ualimu, nikachukua rula nikapiga mstari mmoja zaidi kwenye daftari langu la nyumbani: mwaka wa kukimbia. Kila mkubwa wa familia alinitajia mkimbio anaohesabia maisha yake, nami nikapiga hesabu ya umri wa watoto kutoka hapo.

Nilijisifu sana kwa mstari ule.

Siku ya kufungua konti, dirishani waliomba kila mtu achague namba ya siri, tarakimu nne. Kina mama wakanigeukia tena. Nikawaambia, "Muweke mwaka muliokimbia. Ule hamuwezi kuusahau." Wakacheka kidogo, wakaweka. Karibu wote. Deux mille huit, yaani 2008. Deux mille douze. Deux mille vingt-deux. Mimi nikiwa nyuma yao nasikia kila kitu, nimefurahi kama siku ya matokeo ya mtihani.

Kwa hiyo mwizi hakuvunja mlango wowote. Jina, konti na ufunguo vilikuwa mstari mmoja, mwandiko mzuri, wino wa bluu.

"Shirika haikuniomba mwaka," Élisée akasema. "Sikuipiga ku machine. Kaye yako, ile daftari, sijaigusa hata siku moja. Ulikaa pale, kaye ku magoti, unanisomea majina na mudomo, miye naandika. Unakumbuka ao hukumbuke?"

Nilikumbuka. Hata kiti nilichokalia nilikikumbuka.

"Sasa ile mutu alijuaka mwaka namna gani?"

Daftari lile lilikuwa limelala mahali pamoja tu, kila usiku: chini ya godoro langu.

"Nitarudi kwa wakubwa," nikasema. "Nitawaeleza."

"Uwaeleze nini? Niko na batoto batatu, madame. Banaulizwa ku masomo kama papa yao ni mwizi." Akainua katoni lake. "Weye tafuta kwako."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikainua godoro. Daftari lilikuwepo, palepale, limenyooka. Nikalifungua. Pembeni mwa jina la arobaini kulikuwa na alama ya kidole cha mafuta. Ukurasa wa pili, nyingine. Ukurasa wa tisa, nyingine tena. Nikalinusa. Lilinuka sambaza.

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nyumba yetu yote inanuka sambaza. Yaya Marie-Louise, dada yangu mkubwa, anauza samaki hao wakavu kwa jumla. Magunia yanalala sebuleni, na hata Misa ya Jumapili tunaenda tukinuka ziwa. Nikajiambia ni Bénie. Bénie ana miaka tisa, hupenda kucheza shule na madaftari yangu, anawafokea wanafunzi wasioonekana. Tunaishi watatu: yaya, binti yake Bénie, na mimi. Ndivyo nilivyokuambia tangu mwanzo wa hadithi hii.

Ndiyo, nilimsingizia mtoto wa miaka tisa. Moyoni tu, lakini nilimsingizia.

Alhamisi asubuhi tulijaa kwenye ushirika. Watu wa parokia walikuja kubadilisha namba za siri na kuomba kila mmoja karatasi inayoonyesha mikopo iliyochukuliwa kwa jina lake. Dirishani alikuwa Annonciata, dada mmoja mwembamba wa miwani, sauti yake inafika barabarani.

"Musikilize muzuri! Code hatuisemake kwa sauti. Hata bwana asiisikie, hata bibi. Hata mwalimu wenu huyu! Mutu akikupigia téléphone aseme iko wa ofisi, anaomba code, ukate. Siye hatuombake. Na kila semaine, kila wiki, mupite hapa, muombe relevé, ile karatasi ya mikopo, ni ya bure. Ukiona mukopo hauujue, unasema ile siku. Hungojake."

Nikaambiwa nisimame nyuma ya kamba. Mimi, niliyewaleta.

Muzee Ntirenganya, mkubwa wa watu wote wa uwanja wa parokia, alikuwa wa kwanza. Akavua kofia.

"Mademoiselle, unasema mwaka wa kukimbia haifai."

"Haifai, muzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Nimekimbia mara ine. Ukiniondolea ile, nitabaki na hesabu gani ku kichwa?"

Watu wakacheka, hata Annonciata. Mimi nilitazama sakafu.

Kisha ikafika zamu ya Dancille. Dancille ni mama wa Rutshuru niliyemwandika siku ya kwanza kabisa. Ana kichanga mgongoni na kibanda ambacho turubai lake limepasuka katikati. Alikuwa anangoja msaada wa Ijumaa anunue turubai jingine, maana mvua inamwingilia mtoto kifuani. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia hadi nyuma ya kamba.

Annonciata akamsomea karatasi yake taratibu. "Avance moja. Tarehe tisa. Agent wa Mapendo."

"Mapendo sijafikaka hata siku moja," Dancille akasema.

Wa pili naye, Mapendo. Wa tatu, Mapendo. Saa sita mchana ilipogonga walikuwa sitini na mmoja, na karatasi zote zilisema Mapendo, mtaa wangu. Wakala wa Mapendo, yule anayelipa fedha za ushirika mtaani, hakuona ajabu. Huku ni kawaida mtu mmoja kuwachukulia wengine. Mgonjwa humtuma jirani, mzee humtuma mkwe. Anayekuja na namba sahihi hupewa.

"Na kesho?" muzee Ntirenganya akauliza. "Musaada ya kesho?"

Annonciata akavua miwani. "Ikiingia asubui, machine inakata avance kwanza. Nayo haina huruma. Kuko njia moja. Mukileta déclaration ya wizi leo, mbele gérant, mukubwa wa hapa, afunge bureau saa kumi na moja, tunasimamisha zile avance, musaada inapita yote. Lakini ile karatasi inauliza code zilitokea mukononi mwa nani. Bila jina, gérant hasaini."

Watu sitini na mmoja wakageuka, wakanitazama.

Dancille akavuka kamba, akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, ni weye ulituambia mwaka."

"Ndiyo, mama Dancille."

"Na ni weye uliuandika."

"Ndiyo."

"Miye sikuamini ofisi. Mulango yake siujue. Niliamini weye, juu siku ile ulikaa chini ku majani, ukaniuliza jina ya mama yangu. Hakuna mutu alikuwa ameniuliza ile tangu tutoke kwetu."

Afadhali angenipiga.

"Saa kumi," akasema muzee Ntirenganya, "tutakuja kwako na ile karatasi. Utatuandikia jina. Ukikosa jina ingine, utaandika yako."

Wakatoka. Nikabaki nimeshika kamba. Annonciata akawa anapanga karatasi zake.

"Na yako, madame?"

"Yangu nini?"

"Relevé. Uko na konti hapa. Umeangalia?"

Nikatabasamu, Mungu anisamehe. "Yangu haina shida. Miye sikuweka mwaka."

Umesikia hiyo? Watu wa turubai niliwapa namba ambayo hata mbuzi angeikisia. Mimi nilijichagulia siri ya kweli, siri ambayo haijaandikwa kwenye daftari lolote, wala cheti, wala jiwe la kaburi. Sikuwashauri wao wafanye hivyo. Haikunijia hata akilini.

"Tuangalie tu," Annonciata akasema. Akabonyeza, mashine ikakoroma, karatasi ikatoka. Akaisoma, akairudia.

"Avance. Tarehe kumi na mbili. Agent wa Mapendo." Akainua macho. "Code juste, sawasawa. Mara ya kwanza."

Nikamwomba kiti.

Sasa nifike pale niliporuka.

Namba yangu ya siri ni moja, saba, moja, sifuri. Tarehe kumi na saba, mwezi wa kumi. Mwaka ule, 2014, mauaji ya upande wa Beni yalipoanza, mimi na yaya tulikimbia kijiji chetu usiku tukiwa hatuna hata sufuria. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa masista, na nilikuwa na mimba ambayo nilikuwa nimeifunga kwa vitenge miezi minane. Baba yake sitamtaja leo. Yaya alikuwa mjane wa miezi minne. Tulipofika Kanyabayonga lori likaharibika, na kwenye veranda ya duka lililofungwa, mvua inanyesha, nikajifungua mtoto wa kike, tarehe hiyo. Yaya ndiye aliyekata kitovu kwa wembe alioununua kwa hereni zake.

Alfajiri akaniambia, "Weye utarudi ku masomo. Miye niko mujane. Nikifika Goma na mutoto muchanga hakuna mutu atauliza kitu. Nipe."

Nikampa.

Kwenye cheti cha ubatizo tuliandika tarehe mbili Novemba. Mama: Marie-Louise. Mama mdogo: Kaswera. Yaya akauza sambaza akanisomesha hadi diploma, na sijawahi kukosa karo hata muhula mmoja. Mtoto akakua, akaanza kusema. Kila aliposema "mama" nilijifunza kuuma ulimi. Miaka tisa nimeuuma hadi ukazoea.

Kwa hiyo tarehe kumi na saba ya mwezi wa kumi inajulikana na watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha Annonciata.

Nilifika nyumbani saa tisa na nusu. Bénie alikuwa uani anaruka kamba na kuhesabu kwa Kifaransa. Yaya alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, sinia ya sambaza mapajani, anachagua mawe. Nikafunga mlango.

"Yaya. Code yangu ni dix-sept dix."

Vidole vyake havikusimama. "Najua."

"Ile tarehe tuko wawili tu."

"Watatu. Na Mungu."

"Basi Mungu hakwenda kwa agent wa Mapendo!"

Akaweka sinia chini. Nilitaka akatae. Nakuapia, nilikuwa nimeandaa hata namna ya kumwamini. Angesema tu ni jirani, ni mwizi, ni shetani, ningelia tukamaliza.

"Nilichukua," akasema. "Kaye yako niliisoma semaine mbili. Uko na mwandiko muzuri, hata mutoto anaisoma."

"Yaya, wale ni bakimbizi! Wanalala ku mawe!"

"Na siye tulilala wapi? Tulipofika hapa ni nani alituandika? Ni nani alituletea bâche, hata turubai moja? Nani alikaa ku majani akakuuliza jina ya mama yako?"

Nikashtuka. Maneno ya Dancille. Kumbe siku ile ya majani nilishaisimulia nyumbani, kama nilivyosimulia kila kitu jioni baada ya jioni: fulani kasema hivi, fulani nimemwandika hivi. Nilikuwa nimemfungulia dada yangu maisha ya watu wale mezani, pamoja na ugali.

"Umefanyia nini zile pesa zote?"

Akaingia chumbani, akarudi na kitenge kilichofungwa fundo. Akalifungua. Pasipoti mbili, mpya, bado zinanuka gundi.

"Vita iko Sake, Kaswera. Unasikia mabomu ao unajifanya? Sitakimbia tena na miguu. Kesho asubui tunavuka Gisenyi, tunapanda bus mpaka Kampala. Kuko mama mumoja wa Butembo atatupokea. Bénie ataanza masomo. Nilipungukiwa kidogo ku mwisho, njo nikagusa na yako. Ile ningekurudishia."

Nikachukua ya kwanza. Picha ya yaya. Nikachukua ya pili. Picha ya Bénie, nywele zimesukwa mistari, nywele nilizozisuka mimi Jumamosi moja bila kujua ni za picha gani. Tarehe ya kuzaliwa: mbili Novemba. Jina la mama: Marie-Louise.

Nikatazama ndani ya kitenge. Hakukuwa na kitu kingine.

"Ya tatu iko wapi?"

"Ya tatu gani?"

"Yangu, yaya."

Ndipo aliponitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie. Sikuona hasira. Niliona mtu aliyekwisha kufunga hesabu zake muda mrefu.

"Weye uko na kazi. Uko na diploma. Uko na jina. Ile yote nilikupa. Miye niko na mutoto."

"Mutoto wangu."

Sijui nani alilisema. Kwa miaka tisa sikuwahi kulisikia neno lile kwa sauti, hata bafuni.

"Sema tena," yaya akasema polepole. "Sema na nguvu, Bénie iko hapo inje. Umueleze pia kama ulimupa ku veranda alfajiri, mbele kuche, na hukumuangalia mara mbili."

"Ulinilazimisha!"

"Nilikuomba. Ulinipa na mikono miwili."

Ni kweli. Mikono miwili, nikajisikia mwepesi. Hilo ndilo ambalo sijamwambia hata padri.

"Yaya, saa kumi wanakuja. Wanataka jina. Kama sina jina, kesho mashine inakata msaada wa watu sitini na mmoja. Élisée ameshafukuzwa juu yangu. Dancille mutoto wake anakohoa."

"Andika Élisée. Si ulishamutaja?"

Hapo nilimwogopa dada yangu. Nilimwogopa kweli, nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa magunia.

"Siwezi."

"Basi sikia." Akakunja kitenge, akakifunga fundo lilelile. "Ukitaja jina yangu mbele ya bale batu, miye nitataja jina ya mama ya Bénie. Mbele yao, mbele ya masista, mbele yake mwenyewe. Atajua mama yake ni nani na atajua alimutupa namna gani. Tuone kama ku ile siku atakuita mama, ao atakuita nini."

Nje, hesabu ya kamba ilikuwa imefika quarante-sept, arobaini na saba. Kisha ikakatika.

Nikasogeza pazia. Muzee Ntirenganya alikuwa ameingia uani, kofia mkononi. Nyuma yake Dancille, kichanga mgongoni. Na nyuma ya Dancille alikuwepo Élisée, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, karatasi ya ushirika chini ya kwapa. Walihitaji mtu wa kuwaandikia Kifaransa. Hawakuwa na mwingine.

Nilimwona Élisée akiinama, akimuuliza Bénie kitu. Nilimwona Bénie akiitikia kwa kichwa, akiwaonyesha benchi, akiwaletea hata kijigoda cha muzee. Amelelewa vizuri. Yaya amemlea vizuri, siwezi kumnyima hilo.

Halafu akaja mbio. Mlango ukafunguka, kamba bado inaning'inia shingoni, jasho puani. Hakututazama vizuri, macho yake yalikuwa bado uani kwa wageni.

"Mama," akasema, "kuko bageni. Banasema banangojea jina. Nibajibu nini?"

Tukaitika wote wawili.